Mlango Ulionyolewa Vidole Viwili

Unga wa mbao ulikuwa unaingia ndani badala ya kutoka.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido, shavu limegusa sakafu, ananyoa chini ya mlango wa chumba cha nyuma ili vigae vipya vipate kupita. Siku zote unga humrukia mkataji usoni. Huu ulivutwa chini ya mlango taratibu, ukatulia, ukavutwa tena, kama vile upande wa pili kuna mtu anapumua. Na chumba kile hakikuwa na dirisha.

Akazima mashine. Mlio uliendelea ndani ya chumba kwa pumzi mbili hivi, ndipo ukanyamaza.

"Mwangwi tu," alijiambia, akaiwasha akamalizia.

Mafundi wenzake walimwita Milimita, maana alikuwa radhi kubandua ukuta mzima kwa sababu ya kosa la upana wa uzi. Mashine yake waliiita nyuki. Ilikuwa ndogo, ya betri, ya kushika mkononi, na kisu chake hakikuzunguka bali kilitikisika kushoto na kulia kwa kasi ambayo jicho haliioni. Ilikata pale ambapo msumeno haufiki, na mlango ule ulihitaji kifaa kama hicho, kwa kuwa ulikuwa umepigiliwa misumari kwenye fremu na haukuweza kung'olewa.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Fundi na mkewe, mshonaji, walihamia humo baba mkwe alipofariki ili mama asibaki peke yake. Mama aliridhia vigae kwa sharti moja.

"Mlango wa chumba cha nyuma usiuguse, baba. Hata unywele."

"Sawa, Mama," fundi alijibu, kwa ule utii unaoishia mdomoni. Moyoni alisema wazee wana mambo yao. Basi mama alipokwenda kwa dada yake kutibiwa macho, siku tatu, fundi akaona huo ndio mwanya. Akanyoa vidole viwili, akapanga vigae hadi kizingitini, akafuta jasho, akajisifu.

Jioni mkewe alirudi na vitambaa vyake. Akasimama koridoni, pua juu.

"Umeunguza nini?"

"Kisu kilipata moto kidogo."

"Hii si harufu ya mbao. Ni kama nywele zimeungua, halafu zikamwagiwa maji ya shimoni." Akageuza sikio. "Na hiyo mashine mbona hujaizima?"

Fundi akamwonyesha mezani. Nyuki ilikuwa hapo, na betri yake imechomekwa kwenye chaja ukutani. Wakabaki wanatazamana huku mlio ukiendelea, mwembamba, wa chini chini, mpaka mke alipocheka kicheko kikavu akaenda kuwasha redio.

Asubuhi mlango wa bafu ulikuwa umenyolewa. Vidole viwili, kwa mkato ulionyooka.

"Ungeniambia unakata na huu," mke alisema.

"Sijaukata."

"Kwa hiyo nimeukata mimi, kwa mkasi wa kushonea?"

Fundi alipiga magoti akapitisha kidole kwenye mkato. Aliijua kazi ya mkono wake kama mtu anavyoujua mwandiko wake, na huo ulikuwa mwandiko wake. Saa nne mlango wa jikoni nao ulikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wametoka uani kwa muda wa kuanika nguo tu.

Adhuhuri, jua likiwa kali na redio ya jirani inapiga muziki, mke aliingia kuoga. Fundi alimsikia akijimwagia maji, kisha akasikia kopo likianguka, kisha kimya, na alipofika mbio akamkuta amesimama juu ya beseni, amejibana ukutani, mkono mdomoni.

"Usiongee kwa nguvu," mke alinong'ona. "Lilikuwa hapo chini."

"Nini?"

"Jicho. Limelala ubavu, shavu limegusa sakafu, linanitazama kwenye ule upenyo. Nikadhani ni wewe unanifanyia utani. Nikakuita. Ukanijibu kutoka jikoni."

Fundi hakuwa jikoni. Alikuwa uani.

Akampigia simu mama mkwe. Mama hakumaliza kusikiliza.

"Umenyoa mlango wangu."

"Mama, nisamehe."

"Toka lini inatoka?"

"Inatoka nini, Mama?"

"Milio," mama alisema, akakata simu.

Alifika alasiri, jicho moja limefungwa bandeji, akiwa na bibi mmoja mfupi aliyevaa viatu vya mpira na kubeba mfuko wa plastiki. Alikuwa mganga. Mama alieleza bila kuketi. Chumba kile yeye na marehemu mumewe walikijenga juu ya kisima kilichofukiwa. Waliambiwa wasijenge, wakajenga. Kilichotoka kisimani kiliwatesa mwaka mzima, mpaka bibi huyu huyu akakirudisha ndani na mume akaupigilia mlango.

"Huyu jini hafungui mlango," mganga alisema. "Hajui kufungua. Anapita chini kwa chini, na kila mlango anaoupitia huuacha umenyolewa kama ule uliomfungulia njia. Sasa sikilizeni. Nitamsukuma kwa kisomo kutoka sebuleni. Aliyekata ndiye atakayeziba, kwa mashine ile ile. Fundi, utalala mlangoni kama ulivyolala jana. Atapita juu yako. Usigeuke, usijibu, hata uitwe na nani. Mama mwenye nyumba atakaa nje getini. Wewe binti, kaa kitandani, miguu juu, usitoke."

"Nitakaa peke yangu?" mke aliuliza.

"Ni muda mfupi, mwanangu."

Fundi akakata ubao wa kuzibia, akapaka gundi, akajilaza. Aliwasha nyuki akaanza kuchimba mfereji kwenye vigae alivyovipanga kwa mikono yake, ili ubao uzame. Sebuleni mganga alikuwa amefumba macho, kama kisomo kile kinavyotaka, na sauti yake ikaanza kupanda.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha milango ikaanza kugonga fremu zake mmoja baada ya mwingine, sebule, jikoni, bafu, chumba cha kulala, na mlio wa pili ukaungana na mlio wa nyuki mkononi mwake, ukakaribia kwa nyuma, chini chini, usawa wa visigino, na fundi akahisi uzito ukimpanda miguuni, ukapita mapajani, ukamlalia mgongoni, baridi kama gunia la mchanga uliolowa, na kwenye sikio lake, karibu kabisa, sauti ya mkewe ikalia, "Mume wangu, nishike! Linanivuta! Geuka unishike mkono!" na yeye akakaza meno, akakaza macho, akaendelea kukata huku machozi yakichanganyika na vumbi la vigae, na sauti ikamsihi tena, ikataja jina lake la utotoni, ikapiga yowe, na yowe lile likapita juu ya kichwa chake na kuingia chini ya mlango kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano.

Akasukuma ubao. Akagonga misumari sita. Kimya.

Mganga alikuja akaweka kiganja mlangoni. "Ameingia," alisema. "Siku saba msifungue, lolote mtakalosikia."

Mke alitoka chumbani akijifunga kitambaa cha kichwa. "Kumekwisha?" aliuliza, akatabasamu. "Ngoja niwapikie chai." Fundi akamkumbatia, akalia begani kwake kama mtoto.

Ndipo ukasikika mkwaruzo nyuma ya mlango, chini kabisa, na sauti dhaifu.

"Mama. Mama, kuna giza huku."

Mama mkwe akapiga magoti pale pale. Akauliza jambo la siri, kitu ambacho bintiye alikivunja akiwa na miaka sita wakakubaliana baba asijue. Sauti ikajibu sawasawa. Akainuka, akaenda jikoni, akamuuliza yule aliyekuwa anapika chai. Naye akajibu sawasawa, bila kuacha kukoroga.

"Amesikia kila lililosemwa humu miaka yote," mganga alisema, lakini hakumtazama mtu machoni. "Anajua yote. Msifungue." Akachukua mfuko wake akaondoka.

Siku ya pili sauti iliomba maji. Siku ya tatu iliomba maji, haikuomba kingine. Mama alilala pale sakafuni, mdomo kwenye ubao, akiiimbia nyimbo za kubembelezea mtoto. Fundi alimbembeleza ainuke ale.

"Jini hasikii kiu, baba," mama alimwambia. "Hilo umewahi kulifikiria?"

Fundi akashika nyundo mara mbili. Mara mbili mkewe alimzuia, kwa upole, mkono kifuani. "Siku saba, mume wangu. Unataka kuniua?"

Siku ya tano sauti ikawa mkoromo. Alfajiri ya siku ya sita ikakatika.

Siku ya saba ilipotimia, fundi aling'oa misumari yote na kusukuma mlango. Akaangaza kwa tochi kila pembe. Sakafu tupu, kuta tupu, vumbi halina hata alama ya unyayo. Nguvu zikamrudia. Akatoka mbio koridoni.

"Mama, njoo uone! Hakuna mtu! Alikuwa anatuchezea tu, hakuna mtu!"

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga begi lake. Hakwenda kuangalia. Jikoni binti alikuwa anapanga vikombe, akiimba taratibu wimbo ule ule wa kubembelezea mtoto.

"Nyumba nimewaachia," mama alisema. "Wewe baki na huyo, mwanangu. Mimi wangu nimemsikia akifa."