Alama ya Jino Kwenye Siagi

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kipande cha mkate kilichopakwa siagi. Mume alikiuma mara moja, akakiacha mezani, akatoka uani kuosha lori lake. Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Meno, alikuwa akikusanya vyombo alipoona alama ya meno kwenye siagi. Akasimama na sahani mkononi.

Miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha nyumba ile, na kwake alama ya meno ilikuwa kama sura ya mtu. Jino la mbele la mumewe, la kulia, lilikuwa limemeguka pembe. Kwenye siagi, pembe iliyomeguka ilikuwa kushoto.

Akajicheka. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza: kusahau kwamba kulia kwa anayekutazama ni kushoto kwako. Akaigeuza sahani. Akaigeuza tena. Kushoto.

Akaingia chumba cha kazi, akashusha kwenye rafu sanamu ya plasta ya meno ya mumewe, aliyoitengeneza walipokuwa wachumba, enzi hizo akiwa hajui njia nyingine ya kusema nakupenda. Akailinganisha na mkate. Kila kitu kilikuwapo, hata jino la chonge lililopinda, ila kila kitu kilikuwa upande wa pili, kama kwenye kioo.

Ndipo yakamjia na mengine aliyoyapuuza. Tangu arudi safari, siku ya nne sasa, mumewe hatafuni. Nyama huimeza pande zima, kama nyoka. Akipita, huacha harufu ya plasta mbichi, ilhali chumba cha kazi hakukikanyaga. Na kila siku swali ni moja: "Ile sanamu ya meno yangu bado unayo? Nipe."

Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua maharage. Alikuwa kibogoyo wa siku nyingi. Meno yote kinywani mwake aliyachonga Fundi, naye hakuchoka kuyatia kasoro.

"Mama," Fundi alinong'ona, "mwanao alivunja jino gani?"

"Swali gani hilo, wewe Mchonga-magego? La kulia. Alifungulia chupa ya soda mbele yangu. Chupa ilibaki nzima, yeye akalia siku mbili."

"Huyu aliyeko uani limemeguka la kushoto."

Mkono wa mama mkwe ukasimama ndani ya ungo. Nje, maji yalipiga bodi la lori.

"Shusha sauti," akasema. "Nilihisi. Nimemzaa mimi, na tangu aje hajanibishia hata neno moja."

"Ni nani, Mama?"

"Sema ni nini. Marehemu mama alituambia: jini humwiga mtu kwa kile alichokiona tu. Huyu alimwona mwanangu kwenye kioo cha lori, ndiyo maana kageuka. Na magego hayaonekani kwenye kioo, kwa hiyo hanayo sawasawa. Anataka sanamu ajifunze. Kuichukua hawezi mpaka apewe. Siku akiipata amekamilika, na mwanangu hana tena mahali pa kurudi."

"Basi simpi."

"Ukimnyima atakaa. Atatuzika wote."

Fundi aliitazama mikono yake. "Basi nitampa," akasema.

Sanamu ya kweli akaificha, wala hakumwambia mtu mahali. Kisha akachukua nta na kisu. Gego si jiwe. Lina vilele vinne au vitano, na kati ya vilele kuna mabonde, na kilele cha juu hukaa katika bonde la chini kama mchi kwenye kinu; hiyo ndiyo siri yote ya kutafuna. Meno ya mbele aliyachonga kama ya mumewe. Magego aliyapa vilele vilivyopinda kama ndoano, na mabonde yenye midomo myembamba na matumbo mapana.

"Unachonga nini?"

Yule wa uani alikuwa kizingitini.

"Meno ya mteja."

"Mteja ana bahati," akasema, akacheka, na kwa mara ya kwanza kinywa chake kilifunguka mpaka mwisho, na Fundi akaona kule nyuma magego meupe, laini kama mayai yaliyomenywa, hayana kilele, hayana bonde, hayana hata mstari, na nyuma ya magego hayo hakukuwa na koo wala kidaka tonge, bali weusi uliokuwa ukipumua.

Siku ya pili yake, saa sita mchana, akamkabidhi sanamu mpya. "Haya, mume wangu. Chukua."

Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha ulimi juu ya kila gego, taratibu, na ndani ya mashavu yake ikasikika sauti ya mfupa ukikwaruza mfupa, magego yakijichonga upya, na macho yakamrembuka kwa raha, na kwa raha hiyo akafumba kinywa, na ndoano zikaingia mabondeni zikanasa, akavuta, taya halikufunguka, akalivuta kwa mikono miwili huku akiunguruma puani kwa sauti ya mume, kisha ya mtoto, kisha isiyo ya mtu, mpaka upepo wa baridi ukamtoka masikioni ukapita mlango wa jikoni, ungo ukaanguka, na sakafuni pakabaki nguo na unga mweupe wa plasta.

"Mama!"

"Nipo," akajibu mama mkwe kutoka jikoni.

Uani, mlango wa lori ulifunguka. Mume akashuka, amekonda, anaomba maji, anauliza amefika lini nyumbani. Fundi alimfunua kinywa pale pale. Kulia. Akapitisha kidole nyuma: kilele, bonde, kilele. Akalia kwa sauti.

Jioni walikula pamoja. Mume alitafuna kwa kelele, akalalamika kwamba nyama ni ngumu, akamtania mama yake kuhusu chumvi. Mama mkwe alimgeukia Fundi kwa upole.

"Ile sanamu ya kweli, mkwe wangu, uliificha wapi?"

Mkwe wangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Fundi aliyatazama yale meno, kazi ya mikono yake mwenyewe, kila kilele mahali pake. Meno ya bandia hayakuweza kumwambia ni nani aliyeyavaa.

"Mama," akanong'ona, "mwanao alivunja jino gani?"

Mama mkwe akameza pande la nyama, akatabasamu.

"La kushoto," akasema.