Juu ya Sahani ya Bati

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi simu, na ingawa ni rafiki yangu, sikumwonea huruma.

Jirani yake, mama mshonaji, alimletea simu abadilishiwe kioo. Fundi akachomoa betri nzima ya mama, akaitia kwenye simu yake mwenyewe. Ya mama akaiwekea betri iliyovimba, ambayo alikuwa ameichora msalaba mwekundu ili asije akaiuza kwa bahati mbaya. Mama wa watu alikuwa mwangalifu. Siku zote alichaji simu juu ya sahani ya bati, mbali na godoro. Moto ulimkuta amejipumzisha mchana, ukaondoka naye. Msibani watu walipoulizana, fundi ndiye aliyejibu: "Alilalia simu. Hawa wamama hawaambiliki."

Wiki iliyofuata alirudi chumbani kwake kuchukua bisibisi. Simu alikuwa ameiacha kitandani ikichaji. Umeme ulikuwa umekatika, dirisha limefungwa, giza totoro. Akasikia kitu kikitetemeka juu ya bati: ngrrr, kimya, ngrrr. Na chumbani mwake hamna chombo cha bati.

Akapapasa kitandani, simu haipo. Akaufuata mlio hadi sakafuni, vidole vikagusa sahani yenye masizi, ingali ya moto. Simu yake ilikuwa juu yake, taa ya chaji inawaka. Akachomoa waya, taa haikuzima. Akafungua mfuniko wa nyuma.

Kwa mwanga ule mdogo aliiona betri iliyovimba, imeungua upande mmoja, na msalaba wake mwekundu haujafutika.