Nani Anakunenepesha?

Stendi ilikuwa imefurika siku fundi wa kuchomelea mageti alipokanyaga pindo la gauni la njano la msusi mmoja. Fundi alikuwa mwembamba hadi wenzake wakamwita Sindano.

"Kaka, gauni langu si zulia!"

"Samahani, dada. Macho yalikuwa usoni kwako, miguu ikajiendea."

Msusi akacheka. Wakapeana namba, na mwaka haukuisha wakawa wachumba.

Kisha babake Sindano akaugua. Kijana alimuuguza miezi mingi, hapati usingizi, hali vizuri, mpaka mzee akafariki. Baada ya msiba watu walitarajia akonde, yeye akanenepa. Uso ukavimba, vifungo vya shati vikagoma kufunga. Akawa mzito hata wa kumkumbatia mchumba wake, na jioni simu hapokei.

Wivu ukampanda msusi. Mwanamume hanenepi kwa hewa. Kuna jiko mahali.

"Nani anakulisha?"

"Hakuna, mpenzi. Nimechoka tu."

"Umenichoka mimi!"

Jumapili msusi akamtembelea. Sindano akiwa anaoga, simu yake ikaita. Msusi akapokea. Sauti laini ya kike ikasema, "Kumbuka, kesho asubuhi usile kitu. Njoo na njaa, utanikuta."

Asubuhi msusi alijitanda mtandio akamfuata kwa nyuma, moyo unamchemka, hadi hospitalini, mlango wa maabara. Akausukuma.

"Wewe ndiye unayemwita mchumba wangu aje na njaa?"

Muuguzi wa makamo aligeuka, sindano ya kutolea damu mkononi. "Ni mimi, mwanangu. Kipimo cha sukari hutaka tumbo tupu. Keti."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza wote wawili: sukari haina shida, ila tezi ya shingoni imelegea, homoni zimepungua, ndiyo maana ananenepa, analala ovyo na hata hamu ya mapenzi imemwisha. Majonzi na kukosa usingizi alipomuuguza babake navyo vimeongeza uzito. Vidonge vitamsaidia, ila taratibu.

Nje, msusi alimshika mkono. "Kwa nini ulinificha?"

"Uliponiuliza nani ananilisha, niliona haya. Ningesema naumwa na mwili huu, ungeniamini?"

Msusi alijua asingemwamini. Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mpenzi wangu."

"Ngoja nipungue kwanza, ndipo nije kwenu kutoa mahari."

"Nani angoje? Mjomba wako aje kwa mama Jumamosi hii. Suti utashonewa ya mwili ulionao."