Vifungo vya Shati la Baba

Kila asubuhi, watoto wengine wakiwa bado wanavutana na mashuka, Chapchap alikuwa ameshachota maji, ameshafagia chumba na chai iko jikoni inachemka. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na baba yake siku alipoanza kutembea, kwa sababu kusema kweli hakuanza kutembea, alianza kukimbia. Sasa alikuwa darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata walimu walimwita hivyo hivyo.

Kazi yake ya mwisho kabla ya shule ilikuwa kumwandaa baba. Mama aliondoka alfajiri kwenda kupiga pasi kwenye duka la dobi, kwa hiyo asubuhi baba alikuwa mikononi mwa Chapchap. Alimketisha kitandani, akamfuta uso, akamchana nywele, akamlisha mkate uliochovywa kwenye chai. Kisha akauinua ule mkono wa kulia usio na nguvu, akaupitisha kwenye shati, na vidole vyake vikashuka kifuani, kifungo baada ya kifungo. Kufumba na kufumbua, shati lilikuwa limefungwa.

"Tayari, Baba!"

"Ta... yari," baba akaitikia. Tangu apate kiharusi ulimi wake ulikuwa mzito, na maneno yalimtoka moja moja kwa shida.

Zamani baba alikuwa kinyozi, tena si kinyozi wa kubahatisha. Watoto waliolia wakisikia tu mlio wa mashine aliwasimulia vichekesho mpaka wakashangaa kuona kazi imekwisha. Kisha siku moja, mwishoni mwa mwaka uliopita, mashine ilimponyoka mkononi naye akaanguka pembeni mwa kiti. Mteja mwenyewe, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, ndiye aliyetoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Sasa chumba kile cha kinyozi kilikuwa cha fundi wa simu. Mashine ilikuwa nyumbani, ndani ya droo, imefungwa kwenye kile kitambaa cheupe cha kuwafunga wateja shingoni.

Chapchap alinyakua mkoba wake, akamwachia baba kikombe cha maji pembeni, akatoka mbio.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya mwaka wa shule. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amesimama nyuma ya darasa akibandua kadi ukutani. Kadi hizo waliziandika mwanzoni mwa mwaka, kila mwanafunzi na lengo lake moja. Sasa kila mmoja alitakiwa asimame, asome lake, aseme limefikia wapi.

Wa kwanza alikuwa jirani yake Chapchap dawatini, msichana aliyeitwa Redio. Alisoma kadi yake kwa sauti kubwa: "Nitapunguza kuongea."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Haya, imekuwaje?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, ningeweza kabisa. Lakini mwaka huu kulikuwa na mambo mengi ya kusema!"

Hata Mwalimu akacheka. Kisha akamkabidhi Chapchap kadi yake, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Mwanzoni mwa mwaka Chapchap alikuwa ameandika, "Baba atapona." Mwalimu aliipitia kadi ile akatikisa kichwa. "Hili ni ombi, si lengo," alimwambia. "Lengo lako linaanza na *nita*, kwa sababu mtendaji ni wewe. Ukiandika *ata*, umemtwika mwingine. Rekebisha." Chapchap alirudi dawatini, akakata maneno yale, na kama kawaida yake hakuchukua muda. Aliandika: "Nitamponya baba." Sarufi ilikuwa sahihi, kwa hiyo Mwalimu akaibandika ukutani pamoja na nyingine.

Sasa alisimama akaisoma. Hakuna aliyecheka.

"Imekuwaje, Chapchap?" Mwalimu aliuliza kwa upole.

"Haijawezekana, Mwalimu." Akaketi.

Mwalimu aligawa kadi mpya, akawaambia waandike malengo ya mwaka ujao na wazirudishe siku ya kufunga shule. Chapchap aliitumbukiza yake mkobani bila kuitazama. Mwaka mzima alikuwa amejituma, hakulala mchana, hakucheza, na baba alikuwa vile vile. Aliona kuandika lengo jingine ni kujidanganya tu.

Kesho yake ilikuwa siku ya baba kwenda kliniki. Mama hakupata ruhusa kazini, basi Chapchap akampeleka yeye, wakikokotana pole pole ukingoni mwa barabara. Walikuwa hawajaenda kliniki kwa muda mrefu, maana kumfikisha baba huko kulikuwa kazi kweli kweli.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliushika mkono wa kulia wa baba, akaweka vidole vyake viwili kiganjani.

"Nifinye, Mzee wangu. Finya kwa nguvu."

Vidole vya baba vilitikisika kidogo tu. Mtaalamu akangoja, kisha akamgeukia Chapchap.

"Nyumbani nani anamvisha?"

"Mimi!" Chapchap akajibu. Hapa angalau alikuwa na la kujivunia.

"Na kumlisha?"

"Mimi. Mama humlisha jioni."

"Kumchana? Kumfunga vifungo?"

"Vyote mimi. Tena chapchap."

Yule mama akauachia mkono wa baba. "Mwanangu, una moyo mzuri, na sitaki uondoke hapa ukidhani umetenda uovu. Lakini ni lazima nikwambie ukweli. Mkono uliopatwa na kiharusi unajifunza upya kwa kutumiwa. Huu wa baba yako umekaa mwaka mzima bila kazi, na miezi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na faida kubwa zaidi."

Chapchap akauliza, "Atanyoa tena?"

"Sidhani."

"Hata akifanya mazoezi sana?"

"Sitakudanganya. Kunyoa, sidhani kabisa. Kujifunga vifungo labda, na kushika kijiko. Ila aanze sasa, na mwache afanye mwenyewe."

Njiani kurudi Chapchap aliketi kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, na baba akasimama mbele yake akiegemea fimbo. Yeye ndiye aliyeandika "nitamponya", na yeye ndiye aliyeulaza ule mkono asubuhi baada ya asubuhi, akidhani anamsaidia. Aliona aibu, tena aibu ya kumchoma. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, na baba, ambaye zamani aliweza kumchekesha mtoto yeyote, alibaki anafungua mdomo bila neno kutoka.

Jioni alimweleza mama. Mama alikuwa ameshika kijiko cha chakula cha baba. Alikitazama, akakirudisha kwenye sahani taratibu.

"Tulifanya kwa kupenda," alisema. "Wote wawili. Sasa sijui niseme nini, mwanangu."

Siku iliyofuata ilikuwa ya kufunga shule, na kadi ya Chapchap ilikuwa bado nyeupe. Asubuhi alimpitishia baba shati mabegani, na kwa mazoea vidole vyake vikakimbilia kifungo cha juu. Baba akamshika kiganja kwa mkono wa kushoto.

"A... cha."

Akaanza mwenyewe. Mkono wa kushoto ulishika shati, wa kulia ukapanda kifuani ukitetemeka. Kidole kilikigusa kifungo, kikateleza. Kikagusa tena, kikateleza tena. Chai ilipoa kikombeni, watoto wa jirani wakapita nje na sare zao. Kifungo kilifika mdomoni mwa tundu, kikatoka. Vidole vya Chapchap viliwasha kwa hamu ya kusaidia. Kule shuleni kengele ikalia.

"Baba, nitachelewa!"

Maneno yalimtoka kabla hajafikiri. Papo hapo mkono wa baba ukashuka, ukalala mapajani. Baba akainua kidevu ili afungwe, kama alivyofanya kila asubuhi mwaka mzima.

Hapo Chapchap akaelewa. Baba hakukataa kujaribu. Yeye hakuwahi kumpa nafasi.

"Ndiyo... maana... nilikuacha... unifunge," baba alisema, jasho likimtoka. "Ulikuwa... na haraka. Niliona haya... kukuchelewesha."

Chapchap aliuvua mkoba akauweka chini. Aliketi mbele ya baba, na kwa kuwa hakuiamini mikono yake, aliikalia.

"Haya, Baba. Leo sina haraka."

Walikaa hivyo muda mrefu. Mara mbili baba alikata tamaa akatazama ukutani, na mara zote mbili Chapchap hakusogea. Hatimaye kifungo kikazama. Kikazama kabisa! Ila kilikuwa kimeingia tundu la pili, na ukosi ukapanda mpaka sikioni.

Baba aliuchungulia. Kisha akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, na Chapchap naye akacheka, machozi yakimtoka. Akanyoosha mkono kurekebisha.

"Usi... guse!" Baba alimtazama usoni, akayatoa maneno yake moja moja. "Mwaka huu... ulinifanyia yote. Sikulaumu. Mwaka ujao... ningoje."

Chapchap alifika shuleni kadi zikiwa zimeshaanza kusomwa. Alisimama mlangoni akihema, akaomba radhi, akaandika yake papo hapo akiwa amesimama. Lilikuwa neno moja. Mwalimu aliipokea, akaisoma kwa sauti: "Nitamngoja."

"Wewe?" Redio aliropoka. "Wewe Chapchap ungoje?" Darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Utamngoja nani?" akauliza, na Chapchap akaeleza yote, ya kliniki na ya kifungo. Hakuficha hata lile la mkono kulazwa mwaka mzima. Alipomaliza hata Redio alikuwa kimya.

Mwalimu alikaa juu ya kona ya meza yake. "Mwanzoni mwa mwaka nilisahihisha sarufi ya mwenzenu," alisema, "nikasahau kumuuliza lile neno lina uzito gani. Nilimwachia mtoto mzigo ambao hata daktari hauwezi. Nisamehe, Chapchap." Kisha akawageukia wote. "Sikilizeni. Mnapoangalia mwaka uliokwisha, msiulize tu kama mlijituma. Ulizeni pia kama juhudi zenu zilimfaa yule mliyetaka kumsaidia. Mwenzenu aligundua kosa lake, likamuuma, na hakulificha. Sasa amechagua jambo moja dogo lililo ndani ya uwezo wake. Hilo ndilo lengo. Haliwezi kuurudisha mwaka uliopita, na msimdanganye mtu kwamba linaweza."

Chapchap alirudi nyumbani akitembea. Baba alikuwa ameketi mlangoni, ukosi bado umepanda sikioni. Jirani alikuwa amejitolea kumrekebishia shati, naye akamfukuza kwa fimbo, jirani mwenyewe alisimulia huku akicheka. Droo yenye mashine ya kunyolea ilikuwa imefungwa kama siku zote, na Chapchap alijua sasa kwamba haitafunguliwa kwa kazi.

Lakini kifungo cha pili kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa ndani ya tundu la tatu, na shati lote lilikuwa limekwenda upande. Baba alikuwa anahangaika na cha tatu. Chapchap aliketi kando yake kizingitini, akaikalia mikono yake, akangoja.