Wachangiaji wa Shangazi

Maiti ililala chali kando ya meza, kisogo kimepasuka. Kuta za chumba zilifunikwa kwa magodoro chakavu ili kelele za barabarani zisipenye, na maikrofoni ilivishwa soksi ya mtoto.

Inspekta alichutama. Hakuwahi kuonana na marehemu, lakini alimjua. Binti wa Inspekta hakupata usingizi bila hadithi za mwanamke huyu. Watoto walimwita Shangazi. Hakuwa na kituo cha redio wala mwajiri: alirekodi humuhumu chumbani, akaziweka hadithi mtandaoni, na wazazi waliompenda wakamchangia kidogokidogo kila mwezi. Ndiyo iliyokuwa riziki yake na ya mdogo wake, aliyemsafishia sauti kwenye kompyuta na kumtunzia ukurasa.

Mdogo mtu ndiye aliyepiga simu polisi. Alikuwa ameketi kizingitini, macho mekundu.

"Ilikuwaje?" Inspekta aliuliza.

"Alijikwaa kwenye waya, afande. Nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Anarekodi hadithi ya wiki hii."

"Mligombana?"

"Na dada? Dada ndiye aliyenilea, afande."

Inspekta alitazama sakafu. Waya wote ulipita juu, umebanwa ukutani kwa misumari. Akaliacha lipite. Mtu aliyefiwa huropoka lolote.

Kesho yake daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita.

"Aligonga pembe ya meza. Lakini mikononi ana michubuko iliyoachwa na vidole. Alishikwa, akasukumwa." Daktari alivua glavu. "Na kuna jingine. Ana uvimbe kooni, umeshakula nyuzi za sauti. Kwa miezi kadhaa huyu mama hakuweza zaidi ya kunong'ona."

"Haiwezekani. Binti yangu alimsikiliza juzi. Sauti safi kabisa."

"Basi hakumsikiliza yeye."

Inspekta alijifungia garini, akaisikiliza hadithi ile kwenye simu. Zamani Shangazi alikuwa akicheka katikati ya sentensi, akisahau jina la mfalme, akiwaomba watoto radhi. Huyu hakukosea hata neno. Inspekta akairudisha mwanzo, akasikiliza tena.

Alasiri kijana aliletwa chumba cha mahojiano.

"Dada yako hakuwa na sauti tena," Inspekta alisema. "Nani alikuwa akisimulia?"

Kijana alitazama mlango.

"Nimekuuliza."

"Kompyuta," alijibu kwa sauti ndogo. "Niliilisha rekodi zake za zamani, ikajifunza kusema kama yeye."

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia natumia hadithi za akiba, alizorekodi kabla ya kuugua. Siku ile akaisikiliza ile mpya. Akalia, afande. Akasema watu wanamchangia yeye, si mashine. Akakaa kwenye maikrofoni ili awaambie ukweli kwa mnong'ono wake ule."

"Ukafanya nini?"

"Nilimshika nimtoe kwenye kiti. Akang'ang'ania. Nikamsukuma." Aliufunika uso kwa viganja. "Sikutaka afe. Nilitaka atibiwe! Wachangiaji wangejua sauti imekwisha, wangeondoka wote. Tungemtibu kwa pesa gani?"

Inspekta alivuta bahasha ya vielelezo, akatoa simu ya marehemu. Alikuwa ameipekua kabla ya mahojiano.

"Mwaka jana aliugua mafua, akakaa kimya mwezi mzima. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Wachangiaji walimwandikia. Ulizisoma jumbe zao?"

"Hapana. Mimi nilikuwa naangalia idadi ya wachangiaji tu. Kama imepanda au imeshuka."

"Ilishuka?"

Kijana alifikiri kidogo. "Haikushuka."

Inspekta alisoma polepole. "'Shangazi, pumzika. Hatukuchangii ili uchoke.'" Akapandisha kidole kwenye kioo. "'Mwanangu amelazwa, tunarudia zile za zamani kila siku. Hatuna haraka, tupo.'"

"Dada alizisoma hizo?"

"Alizijibu zote."

Kijana aliinamisha kichwa mezani. Mabega yalimtikisika bila sauti. Askari aliyesimama mlangoni na pingu alisogea, Inspekta akamzuia kwa mkono.

"Ndiyo maana siku ile alisema watatuelewa," kijana alisema hatimaye. "Mimi nikamwambia hajui watu."

Akajifuta pua kwa mkono wa shati, akanyanyua macho.

"Nisomee nyingine, afande."

Inspekta akamsomea.