Makinda wa Machimboni

Kila siku baada ya masomo, Sumayiya alipanda hadi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, juu kidogo ya mtaa wao jijini Kampala. Ndani ya pango la machimbo hayo, mbayuwayu wawili walikuwa wamejenga kiota cha tope na kuangua makinda watatu. Kazi aliyopewa na Mwalimu Ongom ilikuwa nyepesi: akae mbali, ahesabu mara ambazo wazazi wanaleta wadudu. Pangoni asiingie ng'o!

Lakini msimu wa nsenene ulikuwa umefika, Kampala nzima inatafuna panzi hao, na huruma ikamponza Sumayiya. "Nao waonje," alijisemea. Akamnyonyoa nsenene mmoja mabawa na miguu kama afanyavyo mama yake, akaingia, akapanda juu ya mawe na kuwasogezea makinda. Lo! Wazazi walichomoka pangoni wakatokomea, na makinda hata kuonja hawakuonja.

Sumayiya aliketi mlangoni mwa pango kuwasubiri wazazi. Walizunguka angani, wakakaribia, wakageuka. Saa nzima! Ndani makinda walilia mpaka sauti zikaanza kufifia. Maskini, hakujua la kufanya; alishika tama tu, machozi yakimlengalenga.

Ndipo Mwalimu Ongom alipofika. "Mbona wazazi wanaogopa? Uliingia?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kuna nyoka." Mwalimu akaokota fimbo, naye akasimama mlangoni akichungulia kila ufa. Mbayuwayu wakaenda mbali zaidi. Makinda wakanyamaza kabisa.

Sumayiya akashindwa kuvumilia. "Nisamehe, mwalimu! Hakuna nyoka. Niliingia mimi, niliwapelekea nsenene."

Mwalimu alitupa fimbo. "Kumbe nyoka ni sisi! Tuondoke upesi."

Walirudi nyuma hatua hamsini, wakachutama. Muda ukapita. Mbayuwayu mmoja akaja, akageuka, akaja tena, akaingia. Wa pili akamfuata. Kelele zikasikika pangoni, na Sumayiya akalia kwa furaha.

Kesho yake, wakiwa mbali vilevile, mwalimu alimpa darubini. Sumayiya alitazama, akafuta macho, akatazama tena. Midomo iliyokuwa wazi ilikuwa miwili.

"Uliingia kwa huruma, mwanangu, na hilo ni kosa la mtoto," Mwalimu Ongom alisema taratibu. "Lakini uliponidanganya, ulinifanya niwazuie wazazi wasiingie kwao. Uliposema kweli, wawili wakapona. Ungeisema mara moja, labda leo tungehesabu watatu."