Alama ya Goti Moja

Rafiki yangu mmoja ni fundi vitasa, tunamwita Komeo. Tangu aanguke ngazini na mguu wake wa kushoto ukakataa kukunjika, aliacha kusali. "Nipige magoti kwa mguu upi?" hutania. Kazini huinama kwa goti la kulia, mguu wa kushoto ameunyoosha kando.

Mchana mmoja mjane alimwita amfungulie chumba cha ndani alimokuwa akisali marehemu mumewe. Hakikuwa na dirisha, na ufunguo wake ulipotea.

"Mwaka wa sita huu hakijafunguliwa, mwanangu," mama alisema, akaenda zake jikoni.

Komeo akapiga goti lake mlangoni, akaingiza waya kwenye kitasa. Ndipo akasikia mtu ananong'ona humo ndani, polepole, kama anayesali. Akisimamisha waya, mnong'ono unakoma. Akiuzungusha, unaanza tena. Akajiambia ni mabomba ya maji tu.

Kitasa kilipoachia, pakawa kimya. Akausukuma mlango, giza likamkabili, akawasha tochi. Hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni kama unga, wala hapakuwa na unyayo hata mmoja. Ila katikati palikuwa na alama.

Aliniapia kwa Mungu, Komeo yule yule: alama ya goti moja la kulia, na kando yake mfuo mrefu wa mguu wa kushoto ulionyooshwa.

Akaweka kiganja pale palipokuwa na goti. Palikuwa bado pana joto.